Bilauri, Akiki na Mwelekeo wa Nuru: Historia ya Spektroskopia ya Raman kama Ushahidi wa Biashara ya Kwatzi katika Pwani ya Waswahili

IKISIRI

Insha hii inachunguza namna spektroskopia ya Raman inayotumia nuru iliyopolarishwa inavyoweza kumsaidia mwanahistoria wa pwani ya Waswahili anayeshughulikia vitu vya kwatzi. Hoja kuu ni kwamba mbinu hii inajibu vyema maswali mawili, yaani kitu kimetengenezwa kwa nini na fuwele yake ililazwa vipi mbele ya fundi, lakini haijibu peke yake swali la tatu, yaani jiwe lilitoka wapi. Insha inapitia historia ya mbinu tangu mwaka 1928 hadi 1967, inaipima kwa ushahidi wa maneno, maandishi na vipande vya kale, kisha inapendekeza namna ya kuitumia Dar es Salaam.

1.0 Utangulizi

Katika maduka ya vyombo ya Kariakoo, mnunuzi anayeomba bilauri hupewa chombo cha kioo cha kunywea. Vijana wengi siku hizi husema glasi, lakini neno bilauri halijatoweka. Asili yake ni neno la Kiarabu linalotaja fuwele angavu ya kwatzi, jiwe lililochongwa vyombo vya thamani katika majumba ya wafalme kabla ya kioo cha kiwandani kuwa bidhaa ya kila nyumba. Katika jiji hilohilo huvaliwa pete za fedha zenye akiki, na akiki nayo ni ya jamii ya kwatzi. Kwatzi imo pia ndani ya saa za betri zinazouzwa vibarazani, ambamo kipande chake kidogo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde na kuihesabia saa wakati.

Vitu hivi vitatu vinamweka mwanahistoria mbele ya tatizo moja. Kwatzi ni madini ya kawaida sana, na fomula yake, silikoni moja kwa oksijeni mbili, ni ileile popote inapochimbwa. Hata hivyo, kwatzi iliyochongwa imekuwa msingi wa madai makubwa kuhusu nafasi ya Afrika Mashariki katika biashara ya Bahari ya Hindi. Je, pwani hii ilikuwa njia tu ya kupitishia mawe ghafi, au ilikuwa pia na mafundi walioyapasua na kuyachonga? Jina Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Swali lililopo hapa ni kama historia imeifanya pwani nzima kuwa mpagazi, na kama imefanya hivyo kwa ushahidi wa kutosha.

Insha hii haitoi matokeo mapya ya maabara. Inachofanya ni kuieleza mbinu moja ya fizikia kwa mkabala wa historia, ili mtafiti wa mambo ya kale ajue ni dai gani linaloweza kusimama juu yake na ni dai gani litakaloanguka.

2.0 Ushahidi uliopo: maneno, maandishi na vipande

Ushahidi wa kwanza ni wa kiisimu. Maneno bilauri na akiki yote mawili yametoholewa kutoka Kiarabu na yanaonyesha kuwa wasemaji wa Kiswahili walishiriki msamiati wa vito wa Bahari ya Hindi. Hata hivyo, neno lisibebeshwe zaidi ya uwezo wake. Katika Kiarabu chenyewe neno hilo lilikuja kutumika pia kwa kioo safi kinachofanana na fuwele. Inawezekana, basi, kwamba Kiswahili kilipokea neno likiwa tayari linataja kioo, pasipo kumbukumbu yoyote ya jiwe. Neno linathibitisha mawasiliano, lakini halithibitishi uchongaji.

Ushahidi wa pili ni wa maandishi. Al-Biruni, mwanazuoni wa karne ya 11, aliandika katika kitabu chake cha vito kwamba fuwele iliyofanyiwa kazi Basra ililetwa kutoka visiwa vya Zanji. Kwa upande wa vyombo vyenyewe, hazina ya Kanisa la San Marco huko Venice ina birika la fuwele lenye jina la Khalifa al-Aziz wa Wafatimi, aliyetawala kati ya mwaka 975 na 996. Tukivisoma pamoja, vyanzo hivi vinajenga picha inayozoeleka: jiwe latoka Zanji, ufundi uko Basra na Misri. Ni picha iliyoandikwa na watu waliokuwa upande wa kupokea bidhaa.

Ushahidi wa tatu umetoka ardhini. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, na ule wa Stéphane Pradines huko Dembeni, Mayotte, umeleta vipande vya fuwele ya kwatzi katika mabaki ya makazi ya kale. Dembeni imekuwa na umuhimu wa pekee kwa sababu ya wingi wa vipande hivyo, na kisiwa cha Madagascar kimetajwa kuwa chimbuko la mawe. Mwaka 2017 Horton na wenzake walitetea wazi kwamba Afrika Mashariki ilikuwa chanzo cha fuwele ya Wafatimi, na wakazungumzia karakana kuanzia Kenya hadi Madagascar. Neno karakana ndilo linalobadilisha picha. Palipo na karakana pana fundi, na palipo na fundi hapawezi kuitwa njia tu.

Lakini kipande cha jiwe hakisemi chenyewe kwamba kimetoka katika karakana. Kinaweza kuwa kimevunjika safarini, au kimepasuliwa ili kukagua kama ndani ni safi kabla ya kuuzwa. Hapa ndipo panapohitajika mbinu inayoweza kukihoji kipande bila kukiharibu.

3.0 Kuzaliwa kwa mbinu, 1928–1967

Mwezi Februari 1928, huko Calcutta, C. V. Raman na mwenzake K. S. Krishnan waligundua kwamba nuru inapotawanywa na maada, sehemu ndogo sana ya nuru hiyo hubadilika rangi. Walianza kwa nuru ya jua na vichujio vya rangi. Mabadiliko hayo yalitokana na mitetemo ya atomi: nuru huipa maada kiasi cha nishati kinacholingana na mtetemo fulani, au huchukua kiasi hicho kutoka kwake, kisha hutoka ikiwa na rangi iliyosogea kidogo. Katika mwezi huohuo, huko Moscow, Grigory Landsberg na Leonid Mandelstam waliliona jambo lilelile. Tofauti ni kwamba Raman na Krishnan walianza na vimiminika, ilhali watafiti wa Moscow walitazama fuwele, na fuwele hiyo ilikuwa kwatzi. Kwatzi, basi, imekuwamo katika historia ya mbinu hii tangu mwanzo. Raman alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1930.

Ni muhimu kutenganisha mtetemo huu na ule wa saa. Katika saa, kipande chote cha kwatzi hupindika na kurudi, kama uma wa chuma uliogongwa, mara 32,768 kwa sekunde. Katika tukio la Raman, zinazotetemeka ni atomi za silikoni na oksijeni ndani ya fuwele. Mstari mkuu wa kwatzi upo kwenye namba ya wimbi 464 kwa sentimita, ambayo ni sawa na mitetemo ipatayo trilioni 14 kwa sekunde. Mtetemo wa saa hutegemea ukubwa na umbo alilolikata mtengenezaji. Mtetemo wa Raman hutegemea mpangilio wa atomi, kwa hiyo haubadiliki fundi anapopunguza jiwe.

Hatua ya pili ilifanyika Bangalore. Mwaka 1940 Raman na mwanafunzi wake T. M. K. Nedungadi waliripoti yaliyoonekana kwatzi ilipopashwa moto. Ikifika takriban nyuzijoto 573 za Selsiasi, kwatzi ya kawaida hugeuka kuwa ya muundo mwingine wenye ulinganifu zaidi. Walibaini kwamba mstari mmoja, ambao katika joto la kawaida uko karibu na 207, ulizidi kusogea chini, kupanuka na kufifia kadiri joto lilivyopanda. Walihusisha mtetemo huo na mgeuko wa fuwele yenyewe. Wazo kwamba mtetemo mmoja unaweza kulegea na kuandaa mgeuko wa fuwele nzima lilikuja kupata nadharia kamili baada ya miaka ipatayo ishirini.

Hatua ya tatu ililetwa na leza, iliyowashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Kabla yake watafiti walitumia taa za zebaki, na picha moja ya spektra iliweza kuchukua saa nyingi. Leza ilitoa nuru ya rangi moja, yenye nguvu, inayokwenda upande mmoja na ambayo tayari imepolarishwa. Sergio Porto, mwanafizikia wa Brazili aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia. Mwaka 1966 yeye na wenzake, katika utafiti wa oksidi ya zinki, walitumia namna fupi ya kuandika upande nuru inakotoka, inakokwenda na inavyotetemeka, namna inayotumika hadi leo kwa jina lake. Mwaka 1967 J. F. Scott na Porto walichapisha uchambuzi wa mitetemo ya kwatzi uliokuja kuwa rejeo la msingi. Baadaye Scott aligeukia fosfati ya alumini, fuwele yenye mpangilio kama wa kwatzi, na kuonyesha kuwa tabia ya mtetemo unaolegea haikuwa ya kwatzi peke yake.

Historia hii ina funzo kwa wasomi wa nchi zetu. Misingi ya mbinu iliwekwa kwa sehemu kubwa Calcutta na Bangalore, India ikiwa bado chini ya ukoloni, kwa vifaa vya gharama ndogo na maswali yaliyofikiriwa vyema. Mbinu hii haikuzaliwa Ulaya ya Magharibi na kisha kuhamia kwingine.

4.0 Kwa nini mwelekeo una maana

Nuru ya kawaida hutetemeka pande zote zinazokingama na njia yake. Nuru iliyopolarishwa hutetemeka upande mmoja tu. Kichujio cha polarisheni huipitisha mithili ya ubao unaopita kati ya nondo za dirisha pale tu unapoelekezwa sambamba nazo.

Katika kimiminika, molekuli zimelala kila upande, hivyo kugeuza chombo hakubadilishi kitu. Fuwele ni tofauti. Kwatzi ina mhimili mkuu mmoja, ambao mara nyingi ndio urefu wa fuwele yenye pande sita inayochimbwa ardhini. Kitengo chake kidogo kina atomi tisa, yaani silikoni tatu na oksijeni sita. Kwa hesabu ya ulinganifu, mitetemo ya ndani ya kwatzi imegawanyika katika makundi matatu: minne ya kundi A1, minne ya kundi A2, na minane ya kundi E ambayo kila mmoja ni pacha. Kundi A2 halionekani katika Raman. Yanayobaki ni A1, yenye mistari karibu na 207, 356, 464 na 1085, na E, yenye mistari kadhaa ukiwamo ule wa 128.

Hapa ndipo mwelekeo unapokuwa ushahidi. Nuru inayoingia na nuru inayopokelewa zikiwa zote zimepolarishwa sambamba na mhimili mkuu, mistari ya kundi E hutoweka na ile minne ya A1 hubaki. Nuru inayoingia ikiwa sambamba na mhimili, na inayopokelewa ikiwa imekingama nao, hali hugeuka: A1 hutoweka na E hubaki. Matokeo yake ni kwamba mtafiti aliyepewa kipande kisicho na umbo lolote la asili anaweza kukizungusha chini ya darubini, kufuatilia mstari wa 128 hadi ufifie, na hivyo kukaribia kuujua mhimili wa fuwele ulikolala.

Kwa mwanahistoria, jambo hili lina manufaa matatu. Kwanza, kwatzi hutenganishwa na kioo papo hapo, kwa kuwa kioo hakina mpangilio wa fuwele na spektra yake ina vilima vipana badala ya mistari myembamba. Bilauri ya jiwe na bilauri ya kioo, ambazo lugha imeziunganisha, hutenganishwa na nuru. Pili, akiki hutambulikana. Akiki imeundwa na chembe ndogo mno za kwatzi zilizolala pande mbalimbali, hivyo kuizungusha hakuzimi mstari wa 128 kama katika fuwele moja. Mara nyingi pia huonyesha mstari wa ziada karibu na 502, unaotokana na moganiti, ndugu wa kwatzi. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mwelekeo wa mhimili ndani ya vipande vingi vya eneo moja unaweza kupimwa na kulinganishwa. Vipande vilivyovunjika kwa ajali havitarajiwi kuwa na utaratibu mmoja. Vipande vilivyobanduliwa na fundi aliyelazimika kupunguza fuwele ndefu kufikia umbo fulani vinaweza kuwa nao. Utaratibu huo ukionekana, dai la karakana litapata mguu wa pili wa kusimamia.

5.0 Mipaka ya ushahidi

Ni lazima sasa kueleza yale ambayo mbinu haiwezi kuyafanya. Spektra ya kwatzi ya Madagascar na ya Kenya ina mistari ileile. Anayedai kwamba mstari wa 464 umemwonyesha jiwe lilitoka kisiwa gani hajaielewa fizikia ya mstari huo. Raman inaweza kusaidia kwa njia ya pembeni: baadhi ya mawe huwa na viputo vidogo vilivyofungiwa ndani wakati fuwele ilipokua, na gesi iliyomo, kama vile kaboni dioksidi au methani, inaweza kutambuliwa bila kulipasua jiwe. Gesi hizo hueleza mazingira ya kijiolojia. Lakini mazingira yanayofanana yapo sehemu nyingi, hivyo bila rejesta ya mawe ya kila chimbo, kiputo hakitoi jina la mahali. Vipimo vya elementi haba vinakaribia zaidi swali la chimbuko, na hivyo ni mbinu nyingine.

Mpaka wa pili umo ndani ya kwatzi yenyewe. Tangu Arago mwaka 1811 imejulikana kwamba kwatzi huzungusha nuru iliyopolarishwa inayopita kandokando ya mhimili wake. Kwa nuru ya manjano ya sodiamu, mzunguko ni takriban digrii 21.7 kwa kila milimita. Nuru iliyopita milimita kumi itakuwa imezunguka zaidi ya nusu duara. Katika njia za mshazari, fuwele hubadili polarisheni kwa namna nyingine, kwa kuwa nuru hugawanyika katika sehemu mbili zenye kasi tofauti. Mpimaji anayelenga ndani sana ya chombo kinene anaweza kusoma mwelekeo ambao haupo. Kinga yake ni kupima karibu na uso na kurudia kipimo baada ya kukizungusha kitu.

Mpaka wa tatu ni wa utunzaji. Kipande kilichokaa ardhini kwa karne nyingi huwa na uchafu unaong'aa chini ya leza, na mng'ao huo unaweza kuifunika mistari dhaifu ya Raman. Aidha, ikiwa swali ni la mwelekeo wa fuwele kubwa iliyo safi pekee, vichujio viwili vya polarisheni na taa vinaweza kutoa jibu kwa gharama ndogo. Raman inastahili kutumika pale inapohitajika kujua kwa pamoja kitu ni madini gani na yamelala vipi, hususan kwa vipande vidogo vyenye uso uliochubuka.

6.0 Nafasi ya Dar es Salaam

Mjadala kuhusu fuwele ya Zanji umeendeshwa kwa sehemu kubwa kupitia vyombo vilivyo Ulaya na Misri. Vyombo hivyo ni kamili na vinapendeza, lakini vinaeleza mwisho wa safari. Ushahidi wa mwanzo wa safari umo katika vipande vilivyobaki upande huu wa bahari. Makumbusho ya Taifa, katika Mtaa wa Shaaban Robert, yalifunguliwa mwaka 1940 na yanahifadhi vitu vya pwani vikiwamo vya Kilwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadhibiti kutolewa nchini kwa vitu vya aina hiyo, na ni haki iwe hivyo. Kwa kuwa zipo mashine za Raman zinazobebeka, na kwa kuwa kipimo hakikati wala hakiyeyushi kitu, ni busara zaidi kuipeleka leza kwenye kabati la makumbusho kuliko kulipeleka jiwe nje ya nchi.

Liko pia suala la lugha. Chuo Kikuu kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, jirani kabisa na Kariakoo, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Msamiati wa kueleza fuwele, mtetemo, mhimili na ulinganifu, kwa hiyo, si mgeni tena. Kilichopungua ni mazoea ya kuutumia katika hoja ya kihistoria, ambapo mwanafizikia na mwanahistoria husomana bila mkalimani. Mhifadhi wa makumbusho anayesoma ripoti ya vipimo kwa lugha anayoimudu anaweza kuihoji. Asiyeweza kuihoji hulazimika kuipokea kama ilivyo.

7.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba neno, andiko, kipande na spektra ni mashahidi wanne wenye uwezo tofauti. Neno bilauri linathibitisha mawasiliano. Andiko la al-Biruni linathibitisha sifa ya Zanji kama chanzo. Vipande vya Shanga na Dembeni vinathibitisha kwamba jiwe lilishikwa na kuvunjwa katika makazi ya upande huu. Nuru iliyopolarishwa inaweza kuongeza jambo ambalo mashahidi wengine hawana: namna fuwele ilivyolazwa ilipopigwa. Haitaji chimbo wala haimtaji fundi.

Inapendekezwa kwamba vipande vya kwatzi vya maeneo ya pwani vipimwe mwelekeo wake kwa wingi, kikiwemo kila kilichoandikwa katika daftari za uchimbaji kuwa ni taka. Matokeo yakionyesha utaratibu, dai la karakana litaimarika. Yasipoonyesha, dai hilo litabaki likitegemea hoja nyingine, na mtafiti atawajibika kulisema hilo waziwazi. Katika hali zote mbili, swali la kama pwani ilikuwa mchukuzi au mchongaji litajibiwa kwa kuyahoji mabaki ya pwani yenyewe.